Mtu Mmoja, Kadi Moja

Masjala ya karakana ya miguu ya bandia ilikuwa mwisho wa ukumbi, ukishapita chumba cha plasta. Aliyetaka kumwona Bi Kadi alilazimika kwanza kukanyaga vumbi jeupe, na ndiyo maana mlangoni pake palikuwa na kitambaa chenye unyevu juu ya kigoda. Hakikuwa cha miguu. Kilikuwa cha vidole.

"Futa," alikuwa akisema bila kuinua kichwa. "Na kucha."

Hata mkuu wa karakana alifuta kucha.

Jina lake halisi lilionekana kwenye hati ya mshahara tu. Kwa wengine wote alikuwa Bi Kadi, kwa sababu kwa miaka ishirini na saba alikuwa ametunza kadi ya kila mtu aliyepimwa mguu katika karakana ile. Zilikuwa elfu tisa na ushei, nyeupe za watu wazima na za bluu za watoto, zimesimama wima ndani ya droo ndefu za chuma kama watu waliopanga foleni bila kusukumana. Kila kadi ilieleza unene wa kigutu, yaani ile sehemu ya mguu iliyobaki, mahali patatu. Urefu kutoka goti hadi sakafu. Uzito wa mtu. Na chini kabisa, kwa mwandiko wa fundi, namna mtu huyo anavyotembea. "Ana haraka." "Hutanguliza kulia." "Hupenda kusimama kuliko kukaa." Bi Kadi alizisoma zote. Akikutana na mtu sokoni huenda asikumbuke jina lake, lakini goti lake alilikumbuka.

Juu ya droo kilitundikwa kibao chenye herufi nyeusi, nyembamba, safi: MTU MMOJA, KADI MOJA.

Sheria hiyo haikushuka kutoka hewani. Katika mwaka wake wa pili kazini alikuja fundi saa mmoja kijana, aliyepoteza mguu wa kushoto chini ya goti. Alipimwa mara mbili: mara ya kwanza akiwa amevaa kiatu chenye soli nene, mara ya pili pekupeku, ikaandikwa kadi mpya. Bi Kadi, wakati huo binti mgeni wa kazi, akaziacha zote mbili kwenye droo. Fundi akachomoa ile ya zamani. Mguu ukatoka mrefu kwa upana wa vidole viwili. Fundi saa akauvaa, akashukuru, akaenda zake. Kwa wiki tatu alitembea bega moja juu, bega moja chini, akirudi kila Jumatano kuulizia jambo hili na lile, asiseme neno. Mwishowe ni Bi Kadi aliyemwona kupitia dirisha, akakimbilia droo, akaona kadi mbili.

"Kwa nini hukusema?" alimfokea, machozi yakimlengalenga.

"Nilidhani barabara ndiyo imelala upande," akajibu yule.

Mwaka uliofuata wakaoana. Kibao kile alikiandika yeye, kwa brashi ile ile ya kuchorea tarakimu kwenye nyuso za saa, akamletea kama zawadi.

Siku ile ya kadi mbili lilianza pia Daftari la Makosa. Lilikuwa daftari la kawaida lenye jalada gumu, na kanuni zake zilikuwa tatu. Aliyekosea anaandika mwenyewe. Hakuna anayeandika kosa la mwenzake. Na hakuna anayecheka kabla mwandishi hajacheka. Kwa miaka ishirini na mitano mafundi walikuwa wameandika humo, wengine kwa kalamu, wengine kwa vidole vyenye plasta, hata mkuu wa karakana, aliyewahi kumpa mzee mmoja miguu miwili ya kulia.

Basi mwaka huo paa la masjala lilianza kuvuja juu ya droo ya tatu. Mkuu akaitisha kikao, akasema kadi zote zitapigwa picha na kupelekwa kwenye wingu. Alieleza kwamba wingu ni jina tu. Kwa kweli ni kompyuta kubwa za watu wengine, zilizopangwa kwenye majengo ya mbali, nawe unakodi nafasi ndani yake na kuifikia kwa mtandao kutoka popote. Mafundi wakatania kuhusu mvua. Bi Kadi alisikia utani wa mvua mara kumi na moja wiki ile, kisha akaacha kuuhesabu.

"Chuo kikuu kitatupa wanafunzi wawili, wiki nane, mafunzo kwa vitendo," mkuu akaendelea. "Lakini kuna sharti. Msimamizi wao hapa awe na cheti cha misingi ya wingu. Nani atasoma?"

Fundi Plasta, ambaye hakuna aliyewahi kumwona na nyusi nyeusi, akainua mikono yake miwili, imeganda nyeupe hadi viwikoni. "Mimi nikigusa kompyuta, mtapata sanamu."

Wengine wakatazama viatu.

"Nitasoma mimi," akasema Bi Kadi.

"Dada, wewe?" Fundi Plasta akashangaa. "Mwaka jana ulikataa hata kikokotoo."

"Kikokotoo hakikutaka kuondoka na kadi zangu. Zikienda mahali, nataka kupajua."

Masomo yalikuwa ya wiki sita. Kila Jumamosi aliketi darasani chuoni pamoja na vijana waliokuwa wakichapa bila kutazama vidole, na siku nyingine alisoma nyumbani asubuhi kabla ya kazi, kwenye meza ya kulia chakula, huku mumewe akiwa kwenye meza yake ya saa karibu na dirisha, kioo cha kukuzia kimebanwa jichoni.

"Baba watoto, nisikilize. Seva ni nini?"

"Mtu wa kuhudumia."

"Ni kompyuta inayohudumia kompyuta nyingine. Umepata nusu."

"Nusu ya ngapi?"

"Usinipotezee muda."

Alikuwa na njia yake ya kusoma. Kila neno jipya alilitafutia droo katika masjala yake. Nenosiri lilikuwa ufunguo wa kabati. Ruhusa za watumiaji zilikuwa kile kitabu ambamo fundi hutia sahihi kabla ya kuchukua kadi. Kuongeza nafasi wakati wa kazi nyingi na kuirudisha kazi ikipungua kulimfurahisha mno, maana yeye aliwahi kungoja droo mpya kwa miaka minne. Yaliyopata droo aliyashika barabara. Yaliyokosa droo yalielea kichwani siku mbili, kisha yakatoweka, na neno moja lililokosa droo kabisa lilikuwa nakala rudufu. Aliliandika daftarini, akalipigia mstari, akalipita.

Binti yao, mwalimu katika mji mwingine, alipiga simu kila Jumapili. "Mama, umesoma?"

"Nimesoma."

"Umesoma au umefungua kitabu?"

Bi Kadi akatoa simu sikioni, akaitazama. Yalikuwa maneno yake mwenyewe, ya miaka kumi na mitano iliyopita, yamerudi na sauti nyingine.

Mtihani wa kwanza alipata sitini na moja. Alama ya kufaulu ilikuwa sabini. Kompyuta haikumwambia alikosea wapi. Ilisema tu kwamba sehemu ya usalama wa taarifa ilikuwa dhaifu. Alirudi nyumbani, akavua viatu, akakaa ameshika tama. Mumewe aliweka kioo cha kukuzia mezani. Aliinuka, mguu wake ukilia kwi kwi kama kawaida ya asubuhi na jioni, akamwekea chai mkononi.

"Mtihani unaruhusiwa mara mbili tu kwa msimu," akasema mkewe.

"Basi imebaki moja. Saa nayo mimi huifungua mara mbili. Ya kwanza ni kuona ilivyoharibika."

Chuo kilikubali wanafunzi waanze, kwa masharti. Bi Kadi angefanya mtihani wa pili Ijumaa ya wiki ya pili. Akishindwa, wanafunzi wangeondolewa siku hiyo hiyo, na kwa kuwa ofisi nyingine zote zilikwisha kujaza nafasi, wangengoja mwaka mzima ndipo wahitimu.

Waombaji walikuwa saba kwa nafasi mbili. Mkuu alitaka wenye alama za juu. Bi Kadi akaomba awahoji yeye, kwa kuwa kadi ni zake na wanafunzi watakuwa wake. Kila aliyeingia alifuta vidole, akaketi, akapewa Daftari la Makosa asome ukurasa mmoja. Kisha akapewa kipande cha karatasi.

"Sasa andika la kwako."

Wa kwanza aliandika kwamba hajawahi kukosea jambo kubwa. Wa pili aliandika kwamba kosa lake ni kufanya kazi kwa bidii kupita kiasi. Bi Kadi akamtazama kijana huyo kwa huruma ya kweli, akamtakia safari njema. Watatu wengine waliandika makosa ya watu wengine.

Wa sita alikuwa msichana aliyelazimika kuinama mlangoni, aliyeitwa na wenzake Mrefu. Aliandika: "Nilivunja printa ya idara. Nikaacha wote waamini ni umeme. Miezi miwili."

"Mwishowe ulisema?"

"Nilisema, Mama. Siku walipotaka kumfukuza fundi umeme."

Wa mwisho alikuwa kijana mwembamba ambaye kila sentensi yake ilianza na samahani, hata alipoulizwa jina. Karatasi yake ilijaa pande zote mbili. Alikuwa amefuta kazi ya mwaka ya rafiki yake kwa amri moja iliyotolewa mahali pasipo pake. Alimwambia saa ile ile. Wakaiandika upya pamoja, usiku na mchana, na kwa sababu hiyo yake mwenyewe akaiwasilisha kwa kuchelewa, na alama zake zikaporomoka. Ofisi tatu zilikuwa zimeziona alama hizo, zikamrudishia barua.

"Rafiki yako bado ni rafiki yako?" Bi Kadi akauliza.

"Samahani, Mama, ndiyo. Ila hanipi kompyuta yake."

Bi Kadi akacheka hadi akavua miwani. Lakini alihakikisha kwanza kwamba kijana amecheka.

"Bi Kadi," mkuu akalalamika baada ya kuona majina, "umeniletea wavunja vitu wawili."

"Nimekuletea wawili wanaosema."

Wiki ya kwanza ilikwenda kama maji. Mrefu alipiga picha za kadi kwa kamera iliyofungwa kwenye stendi, yule kijana, ambaye wote walikwisha kumwita Samahani, akazipa kila moja namba na kuzipandisha kwenye wingu, na Bi Kadi akasimama kati yao akiipokea kila kadi kwa mikono miwili na kuirudisha droo ile ile, mahali pale pale. Alipokuwa akiipokea, alisimulia. "Huyu ni mshonaji. Huyu alikuja na mkewe, akaondoka na mama mkwe, usiniulize. Huyu mtoto, mlete hapa, huyu sasa ni dereva wa trekta." Samahani akaanza kuongeza masimulizi hayo kwenye taarifa za kadi, mpaka Bi Kadi alipomkataza yale ya mama mkwe.

Kufikia Ijumaa adhuhuri walikuwa wamepandisha kadi elfu moja mia moja na arobaini. Samahani akabonyeza kitu, akasema, "Samahani, nimeshatengeneza na nakala, kila Ijumaa itajitengeneza." Bi Kadi alikuwa akifunga droo, akaitikia vizuri, vizuri, kama mtu anavyoitikia habari za hali ya hewa.

Jumatatu Samahani akampa ufunguo wa kila kitu. "Wewe ndiye msimamizi, Mama. Unaweza kuona, kuongeza, kubadilisha, kufuta." Mrefu akakohoa, akasema mwalimu wao huwaambia wampe kila mtu ruhusa anayoihitaji tu. Samahani akasema, samahani, lakini huyu ni Bi Kadi.

Mchana vijana walipokwenda kula, Bi Kadi akafungua wingu peke yake kwa mara ya kwanza. Alitembea humo taratibu kama mtu anayekagua nyumba mpya. Droo ya kwanza: kadi elfu moja mia moja na arobaini. Safi. Akashuka chini, akakuta droo nyingine. Akaifungua. Kadi elfu moja mia moja na arobaini.

Akachukua namba moja, akalinganisha. Mshonaji yumo huku, na kule yumo. Dereva wa trekta huku, na kule. Watu elfu moja mia moja na arobaini, kila mmoja kadi mbili! Aliona mbele ya macho yake mji mzima ukitembea bega moja juu, bega moja chini.

Hakuwalaumu vijana. Ni vijana, wamesahau kusafisha. Akafuta droo ya pili yote. Kompyuta ikamuuliza kama ana hakika. Alikuwa na hakika. Ikamwonyesha kwamba vilivyofutwa viko kwenye pipa la taka kwa muda. Naye kwa miaka ishirini na saba hakuwahi kuacha kadi mbovu pipani, maana kadi iliyo pipani huokotwa; yeye alizichoma. Akamwaga pipa. Kisha akanawa mikono, akafungua chakula chake, na waliporudi vijana walimkuta akiimba.

Jumanne asubuhi Samahani alikuwa ameleta programu ndogo aliyoiandika mwenyewe, ya kunyoosha picha zilizopinda. Akaijaribu kwenye kadi tano za bluu. Zikanyooka. Akaiachia kadi zote za bluu, mia nne na kumi na mbili. Baada ya dakika nne akafungua moja kuonyesha, ikawa nyeusi tititi. Akafungua nyingine. Nyeusi.

"Samahani," akasema, na safari hii alimaanisha. "Nimeharibu za watoto zote." Akavuta pumzi. "Lakini msiogope. Ndiyo kazi ya nakala."

"Nakala gani?" akauliza Bi Kadi.

"Ile ya Ijumaa, Mama. Hii ikiharibika, tunarudi kule, tunachukua nzima." Akaenda kwenye droo ya pili. Akaifungua. Akaifunga, akaifungua tena. Akaangalia pipa. "Hakuna kitu," akasema kwa sauti ndogo. "Labda sikuibonyeza vizuri. Nilidhani nimebonyeza."

Kichwani mwa Bi Kadi, neno lililokosa droo kwa wiki nane lilipata droo dakika ile, na droo ilikuwa tupu.

Mrefu alikuwa ameshika stendi ya kamera bila kuiachia. Kadi zenyewe za karatasi zilikuwepo, zingepigwa picha upya, siku mbili za kazi. Hilo walilijua wote. Lakini Ijumaa mhadhiri wa chuo angekuja kukagua, naye angeuliza nani aliweka nakala na iko wapi. Samahani alikwisha kuinuka. Alilishusha Daftari la Makosa kwenye rafu, akakaa, akaandika tarehe, akaandika: "Niliharibu kadi 412 za watoto kwa programu ambayo sikuijaribu vya kutosha." Akaanza mstari mwingine: "Pia sikutengeneza na—"

Kwa sekunde kadhaa Bi Kadi alimtazama akiandika. Ilikuwa rahisi mno. Hakuna aliyemwona. Kijana mwenyewe aliamini. Msimamizi aliyefuta nakala kwa mkono wake, siku nne kabla ya mtihani wa kuthibitisha kwamba anajua nakala ni nini, angepewa wanafunzi na nani? Juu ya kichwa cha kijana kilikuwepo kibao, na mwandiko wa kibao ulikuwa wa mtu aliyetembea wiki tatu ameinama ili asimtie binti mmoja matatani.

Akanyoosha mkono, akamnyang'anya kalamu.

"Samahani, Mama, sijamaliza."

"Umemaliza. Huo mstari wa pili si wako. Kanuni ya pili inasemaje?"

"Hakuna anayeandika kosa la mwenzake."

"Basi nipishe kiti."

Akaandika bila haraka, kwa mwandiko ule ule wa kadi: "Mimi, msimamizi, Jumatatu mchana, nilifuta nakala 1,140 nikidhani ni kadi za ziada. Kompyuta iliniuliza. Nikaijibu. Kisha nikamwaga na pipa. Hakuna aliyenituma."

Wakasoma wote wawili juu ya bega lake. Mrefu alibana midomo hadi machozi yakamtoka, lakini kanuni aliiheshimu. Bi Kadi akasoma tena mstari wa pipa, mabega yakaanza kumtikisika, kisha kikatoka, kicheko kikubwa cha aibu, na hapo tu vijana wakaangua vyao. Fundi Plasta akachungulia mlangoni kuuliza nani kafa.

Samahani akaomba kalamu irudi. Akaandika mstari wake wa pili, wa kweli: "Nilimpa msimamizi ruhusa ya kufuta bila kumweleza nakala ni nini. Mrefu alinionya."

"Sasa nieleze," akasema Bi Kadi. "Pole pole. Mimi naogopa kitu kimoja tu. Fundi atachukua kadi ya zamani, ampe mtu mguu mrefu. Hiyo nakala yako itanizuiaje nisiogope?"

Samahani akafungua mdomo aanze na seva, Mrefu akamgusa. Msichana akachukua ule ufunguo wa kabati uliokuwa shingoni mwa Bi Kadi kila siku, akauinua kidogo.

"Mama, fundi anaweza kufungua kabati lako?"

"Labda baada ya kunizika."

"Basi droo ya pili iko kabatini. Ina tarehe yake, iko jengo lingine kabisa, mbali na hili linalovuja. Fundi haioni. Hajui hata kama ipo. Anaona droo ya kwanza tu, na mle kila mtu ana kadi moja. Ya kabatini ni ya siku droo ya kwanza ikiungua."

Bi Kadi akaushika ufunguo wake. Akaangalia droo ya tatu, ile iliyo chini ya uvujaji, na sufuria aliyoiweka juu yake. Miaka ishirini na saba alikuwa amelala akiwa na kadi moja ya kila mtu, nyumba moja, paa moja, akajiona mwangalifu kuliko wote.

"Mungu wangu," akasema. "Kumbe mimi ndiye niliyekuwa hatari."

Siku mbili zilizofuata walizipiga upya kadi za bluu zote, na hakuna aliyeuliza saa ya chakula. Fundi Plasta naye alikuja kusaidia kupokeza kadi. Alifuta vidole mara tatu, akakataliwa mara tatu, akaishia kuwachemshia chai. Alhamisi alasiri Samahani akaondoa kwenye ufunguo wa Bi Kadi ile ruhusa ya kufuta nakala. Alimwomba samahani kabla, katikati na baada. Bi Kadi akamwambia aondoe na ya kwake pia, na anayetaka kufuta kitu kabatini awe na ufunguo wa Mrefu na wa mkuu pamoja.

Ijumaa asubuhi mhadhiri alifika, mtu mpole mwenye begi zito, akafuta vidole bila kuuliza. Aliomba kumbukumbu za kazi za wiki mbili. Bi Kadi angeweza kumpa fomu. Alimpa daftari, limefunguliwa kwenye ukurasa.

Mhadhiri akasoma akiwa amesimama. Akarudi juu, akasoma tena. Vijana walikuwa wamejibanza ukutani kama kadi.

"Bi Mkubwa," akasema, "unajua hili naliandika kwenye ripoti?"

"Ndiyo maana nimekupa."

"Na unajua kwamba mimi nahitaji cheti tu? Usingenionyesha, nisingejua."

"Wao wangejua," akasema Bi Kadi. "Mimi ndiye niliyewataka waandike."

Mhadhiri akafunga daftari. Alionekana kutaka kucheka, akaangalia kanuni zilizobandikwa ndani ya jalada, akaangalia uso wa Bi Kadi. Bi Kadi akamruhusu kwa tabasamu, naye akacheka kidogo tu, kwa adabu. "Twende chuoni," akasema. "Mtihani ni saa nne."

Maswali yalikuwa hamsini. La thelathini na moja lilimfanya aegemee kiti. Liliuliza: ofisi yenye kumbukumbu muhimu ihifadhi nakala wapi, na nani awe na ruhusa ya kuzifuta? Mara ya kwanza, alikumbuka sasa, alijibu kwa kujiamini kabisa kwamba nakala za ziada ziondolewe ili kuepuka mkanganyiko. Safari hii aliona kabati, jengo lingine, funguo mbili. Akabonyeza, akaendelea.

Kompyuta ilifikiri kwa muda ambao Bi Kadi aliuona mrefu kuliko ile miaka minne ya kungoja droo. Kisha ikaandika sabini na nane.

Hakupiga kelele. Aliomba karatasi ichapishwe, akaikunja mara mbili, akaitia ndani ya mkoba, akatembea hadi nje ambako vijana wawili walikuwa wamekaa kwenye ukingo wa bustani, mmoja mrefu sana, mmoja amejikunyata.

"Samahani, Mama," akasema kijana. "Tufungashe?"

"Fungasha nini? Droo ya nne haijaguswa, nanyi mmekaa kwenye majani."

Kijana akafunika uso kwa mikono miwili, akabaki hivyo. Mrefu akamkumbatia Bi Kadi kwa kuinama, na miwani ya Bi Kadi ikapotea kwa muda kwapani mwake.

Jioni alimkuta mumewe kwenye meza yake, akamwekea cheti mbele, juu ya vipande vya saa. Fundi saa akatoa kioo jichoni, akakisoma, akakirudisha kioo, akasoma tena alama kwa ukubwa.

"Baba watoto, nina kazi yako," akasema mkewe, akatoa kibao kikapuni. Kilikuwa na vumbi la miaka juu ya ukingo. "Kimepungua maneno matatu."

Alimwambia maneno yenyewe. Mumewe akakigeuza kibao, akakipima kwa jicho. "Nafasi hakuna. Nilijaza yote wakati ule. Nilikuwa nataka uone bidii yangu."

"Andika madogo."

Akachagua brashi nyembamba kuliko zote, ile ya tarakimu za saa za wanawake, akashika pumzi. Jumatatu, waliokuja masjala walifuta vidole na kusoma, na wenye macho mabovu ilibidi wasogee karibu: MTU MMOJA, KADI MOJA, na chini yake, kwa herufi ndogo kama punje za mchele, mbele ya fundi.